Samaki Arobaini Walionyooshwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kaka,

Nimekupigia mara nne tangu Ijumaa, na mara zote nne umekata. Barua haikatwi, kwa hiyo naandika. Dereva wa lori ameahidi kukukabidhi mkononi, si kuiacha juu ya kaunta ya duka ikafungiwe misumari.

Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki.

Huyo dereva alinikuta naanika nguo za mtoto. Hakushuka hata. Alitoa kichwa dirishani akanisomea ujumbe wako kutoka kwenye simu yake, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, majirani wote wametega masikio. Kwamba Nahodha amerudisha samaki wa mti wa chambo, arobaini kati ya wale arobaini na wanane tuliomtengenezea. Kwamba wakivutwa majini wanalala ubavu na kuzunguka kama tiara ya karatasi isiyo na mkia. Kwamba wageni wake, waliolipia boti ili wavue, walishinda wanafumua mishipi iliyojisokota. Na kwamba tangu nizae, jicho langu haliko kazini.

Hilo la mwisho alilisoma mara mbili, akidhani amekosea.

Kaka, hao samaki nimewapitisha kwenye tangi mmoja mmoja kwa mikono yangu. Wewe ni wa dukani, huenda umesahau kazi inavyokwenda, ngoja nikukumbushe. Seremala anachonga. Mimi napaka rangi, natia ulimi wa plastiki chini ya kinywa, napitisha waya. Hapo samaki ni pambo tu. Namfunga mshipi kwenye kile kitanzi cha waya puani, namtia kwenye tangi alilotuachia baba, namvuta toka mwisho mmoja wa kioo hadi mwingine. Hakuna mti wenye mbavu mbili sawa. Huyu atakimbilia kulia, yule atajibwaga chali. Basi nakipinda kitanzi upande wa pili, kidogo sana, unene wa unywele. Navuta tena. Napinda tena. Wapo waliokwenda mara kumi na tano, mpaka wakaja mbele yangu wanatikisa mkia kama wameitwa kula. Ndipo nawaweka kwenye sanduku.

Na mtoto hayupo mgongoni, kama unavyodhani. Ndoana zina ncha tatu tatu, mimi si kichaa. Nafanya kazi Bonge anapolala asubuhi, na alasiri jirani akimchukua. Akiwa macho, tangi limefunikwa.

Nirudishie hao arobaini niwaone. Naomba hilo tu. Niwaone, halafu ndiyo unitukane kwa kitu ninachokijua.

Salamu kwa wifi. Zako zimekwisha.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata na nimeisoma yote, hata pale uliponifundisha. Nashukuru kwa somo.

Nina duka la vifaa vya uvuvi la kuendesha. Nahodha alikuwa mteja mkubwa kuliko wote niliowahi kupata tangu baba afariki. Alikuja hapa na ndoo, akawamwaga samaki juu ya kaunta mbele ya watu, akaniuliza kama hawa ni wa kuvulia au wa kuchezea watoto bafuni. Ningejibu nini? Nilimwambia ukweli ninaoujua, kwamba anayewarekebisha ni dada yangu, ana mtoto mchanga, kachoka.

Sikulaumu. Kila jambo na wakati wake, na wako sasa ni wa kulea. Nimepata fundi hapa mjini, mtu mzima, ana karakana yake. Anahitaji tangi tu. Ijumaa ya tarehe 28 lori litakuja na wabebaji wawili kulichukua. Limwage maji siku moja kabla ili likauke, kioo kikiwa na maji hakibebeki. Mimi sitakutupa, kila mwezi nitakukumbuka.

Samaki sikuletei. Yaliyopita yamepita, kuyafukua kutatuumiza wote.

Mbusu Bonge.

Kaka yako


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mama Bonge,

Barua hii nimeificha kwenye mfuko wa suruali ndogo ya kahawia, najua utakagua mifuko kabla ya kufua kwa sababu nilikufundisha mimi.

Hizo nguo ni za mwanangu wa mwisho, hazimwingii tena. Ile soksi nene usiivute kwa nguvu. Ndani yake mna samaki watatu katika wale arobaini, nimewafunga na karatasi lakini ndoana ni ndoana. Nimewachukua kutoka kwenye boksi lililo chini ya kitanda chetu. Sijui kwa nini boksi la dukani liko chini ya kitanda changu, na nimeacha kuuliza maana kila nikiuliza, chakula kinakuwa na chumvi nyingi.

Usimwambie kwamba nimekutumia. Waangalie tu.

Wifi yako


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Wifi,

Nguo nimezipata, Mungu akulipe, suruali ya kahawia inamkaa Bonge kama kashonewa. Hapo shukrani zinaishia.

Nimewaangalia hao samaki. Nimekaa nao kwenye kiti cha tangi.

Kila samaki ninayemaliza namwekea alama ya penseli tumboni, chini ya rangi ya mwisho. Nukta moja, nimepinda kitanzi kushoto. Nukta mbili, nimepinda kulia. Hawa watatu, wawili wana nukta mbili, mmoja ana moja. Na vitanzi vyao, wifi, vimenyooka kama rula. Mtu amevinyoosha. Na aliyevinyoosha ametumia koleo la meno, kwenye waya kuna mikwaruzo, katikati ya mikwaruzo kuna nafasi ya jino moja lililovunjika. Mimi koleo langu nimelivisha ngozi ya kiatu, halikwaruzi kitu. Koleo lenye pengo lilikuwa la baba. Siku tuliyogawana vitu vyake lilikwenda nyumbani kwenu.

Na nyumbani kwenu anayepanga samaki kwenye maboksi ni wewe.

Nakumbuka ulivyokuja mwaka jana ukamshika mmoja ukasema, huyu kapinda pua kama bondia. Tukacheka. Nilikueleza siku ile kwa nini kapinda. Nilikueleza ukiwa umembeba mwanangu. Kumbe hukunisikiliza, ulikuwa unawaza namna watakavyopendeza chini ya kifuniko cha kioo.

Umewanyoosha ili wapendeze. Sawa, huenda hukujua. Lakini kaka ananinyang'anya tangi kwa ajili ya hilo, anasema uzazi umenipofusha, na wewe uko hapo hapo, unampakulia chakula, umenyamaza. Kwa nini unitumie samaki kwa kificho? Ili nikufichie na kosa?

Nilikuona kama dada. Mwaka ule mama alipotutoka, ni wewe uliyenisuka nywele. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Mtu wa mbali nisingepoteza karatasi.

Mama Bonge


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mama Bonge,

Nimesoma barua yako jikoni, nimesimama, na wali ukaungua. Tumekula hivyo hivyo. Kaka yako hakuuliza.

Umenipiga mahali ambapo sikusimama. Nisikilize sasa.

Kazi yangu mimi ni mkasi, gundi na karatasi laini. Koleo la baba halijawahi kukaa mkononi mwangu hata dakika moja. Linakaa mfuko wa nyuma wa suruali ya mwenzangu, mpaka mfuko umetoboka nimeushona mara mbili. Msumari wa kutundikia pazia nauomba siku tatu. Niambie wewe nani anaweza kulitumia nyumba hii.

Nilikuwepo. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Amemwaga samaki wote mezani, amevaa miwani, anapiga mluzi. Nikamwambia, baba watoto, mbona wifi alisema wamepindwa makusudi? Akaniambia, wifi yako anasema mengi, hawa wamebanwa na mizigo kwenye lori, nimpelekee Nahodha samaki wenye pua za upande kama walevi? Akaendelea. Kitanzi kimoja kimoja. Alikuwa na furaha, wifi yangu. Sijamwona na furaha vile tangu mzee azikwe. Alisema, leo na mimi nimeshika kazi ya baba. Wale wanane walionusurika ni kwa sababu walikuwa wamenyooka tayari, hakuona cha kunyoosha.

Nahodha aliporudi na ndoo yake nilidhani mwenzangu atasema. Hakusema. Barua yako ya kwanza ilipofika aliisoma, akaikunja ndogo kama tembe ya dawa, akachukua boksi akalisukuma chini ya kitanda.

Nilinyamaza, hapo una haki. Mimi nalala kwenye kitanda hicho. Nilitumaini ungeona mwenyewe kwa macho yako bila mimi kumtaja mume wangu. Umeona, ila umenyoosha kidole mlango wa pili.

Chunga mikono, zile ndoana zina kutu.

Wifi yako


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Kaka,

Nina samaki watatu mezani. Walivyonifikia si kazi yako. Vitanzi vyao vimenyooshwa kwa koleo la baba, lile lenye pengo, lile lisilotoka mfukoni mwako.

Ni wewe.

Nimeandika neno hilo, nikaamka nikaenda kumbembeleza mtoto aliyekuwa halii, nikarudi. Bado ni wewe.

Sasa niulize nini? Kwamba hukujua? Sawa. Siku ile ulipowanyoosha hukujua, nakupa. Baba alikukalisha kwenye tangi miaka miwili, akakuona macho yako yanapenda watu kuliko maji, akakufungulia duka. Hakukuwa na aibu yoyote hapo. Wewe unauza kitu kwa mtu aliyekuja kuuliza njia. Mimi nikiongea na wateja natoka jasho. Aliugawa mzigo kila mtu na bega lake.

Lakini tarehe 3 nilikuandikia. Kwa kalamu. Nakipinda kitanzi upande wa pili, unene wa unywele. Ulisoma hayo. Ukajua. Na Ijumaa ukakaa ukaniandikia kwamba yaliyopita yamepita. Ukaniandikia kwamba sasa ni wakati wangu wa kulea. Ulikuwa unajua, kaka, na ukachukua mwanangu, mtoto wa miezi kumi na minne asiyejua hata kutaja jina lako, ukamweka mbele yako kama ngao.

Unajua inavyokuwa? Jana nimekwenda dukani kununua sabuni. Mama mwenye duka ananiambia, pole, nasikia kazi imekushinda, ndivyo tulivyo sisi wanawake, mtoto ananyonya maziwa na akili. Watu wakacheka kwa huruma. Nikarudi na Bonge begani, ananishika sikio kama anavyopenda, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae nikatembea kama nimebeba kosa. Hapo ndipo uliponifikisha. Nikikaa kimya kwa hilo, sifai kumlea.

Baba yake yuko kwenye ujenzi wa barabara, anarudi mwisho wa mwezi. Tangi hili ndilo linalofanya nisimfuate kambini na mtoto kwenye vumbi. Unalijua hilo pia.

Mwambie Nahodha ukweli. Na lori lisije.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 21 Machi

Mdogo wangu,

Nimehesabu boksi. Wamo thelathini na saba. Watatu naona wameota miguu. Nitalizungumza hilo nyumbani kwangu.

Ndiyo, niliwanyoosha. Nilidhani lori limewabana. Kitu kilichopinda hakiuziki, hiyo ndiyo kazi ninayoijua mimi, mteja anaanza kununua kwa macho.

Lakini wewe una hakika gani kwamba hilo ndilo lililowaharibu? Kitanzi ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Samaki ana urefu wa kiganja. Unataka niamini kwamba unywele mmoja puani unageuza mwili mzima? Nahodha ni mtu wa majini miaka thelathini na hakuliona hilo. Fundi wa hapa nimemuuliza, akasema tatizo huwa ni uzito. Huenda uliweka vibaya tumboni ile risasi ya kuwatia uzito. Huenda kazi ilikuwa mbovu kabla sijaigusa.

Nikimwambia Nahodha nilichofanya, atasema duka zima halijui linachouza. Nikimwambia ni fundi, fundi anabadilishwa na duka linabaki. Hiyo ni hesabu tu, si chuki. Nalinda alichoacha baba.

Lori litakuja tarehe 28 kama nilivyosema.

Kaka yako


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Kaka,

Kwanza, ukimgusa wifi kwa neno hata moja juu ya hao watatu, nitapanda lori nije mwenyewe, na sitakuja kunywa chai.

Sasa sikiliza. Sikuombi uniamini. Umesema unywele hauwezi kugeuza mwili. Basi uulize maji.

Chukua samaki mmoja katika hao wako, yeyote, mwenye nukta tumboni, ukwangue rangi utaiona. Nenda naye gatini kwa Nahodha. Si kwenye beseni la nyumbani, huko utajidanganya. Nenda kwake, yeye akiwepo. Mfunge mshipi kitanzini, fundo lililolegea, lisimkabe. Mtupe mbele, mvute mwendo wa mtu anayetembea asiye na haraka. Anapokuja, anakutazama usoni. Kama anakimbilia kushoto kwako, kipinde kitanzi kulia kwako. Kama ni kulia, kipinde kushoto. Kidogo. Ukiona kwa macho kwamba umekipinda, umeshazidisha, rudisha nusu. Usikizungushe, kipinde tu. Na usikipinde kwenda na kurudi mara nyingi, waya unachoka kama mtu, unakatika. Ulimi wa plastiki usiuguse kabisa. Anza na mmoja, mmalize, ndipo umchukue mwingine.

Unaona, nimekuandikia kazi yangu yote. Fundi wako wa mjini anaweza kuisoma kama atapenda. Sina siri, nina mkono tu.

Akija vile vile, ubavu ubavu, basi mimi ndiye niliyekosea, lori lije, na tangi nitalibeba upande mmoja mimi mwenyewe. Sitatia neno tena.

Lakini akinyooka, utafungua kinywa hapo hapo, mbele ya Nahodha na yeyote aliyekuwepo, useme ni nani aliyewaharibu. Na tangi litabaki hapa, na hutalizungumzia tena.

Huo ndio mkataba. Nimeuandika mtoto amelala miguuni pangu, na mkono wangu hautetemeki. Unaweza kuangalia herufi.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Lori linakuletea boksi. Halichukui kitu, wabebaji nimewaambia wasije.

Wamo thelathini na sita. Watano vitanzi vimekatika. Mmoja hayumo.

Tangi libaki.

Kaka yako


Alhamisi, tarehe 27 Machi

Kwa fundi wa tangi,

Hatujaonana. Mimi ndiye Nahodha niliyerudisha kazi yako kwa ndoo. Kuandika si kawaida yangu, huwa naandika mafuta ya boti na majina ya wageni basi, kwa hiyo utanivumilia.

Jana asubuhi kaka yako alikuja gatini na boksi kifuani. Nilikuwa nafunga injini na watu wangu wawili, na wageni wanne walikuwa wanangoja kupanda. Hakusalimu. Akauliza, naweza kutumia maji yako? Nikamwambia maji si yangu, jisaidie.

Akachuchumaa ukingoni na viatu vyake vya dukani, karatasi mkononi, akawa anasoma, anapinda, anatupa, anavuta. Anasoma tena. Mtu wangu mmoja akamuuliza, mzee, unawang'oa meno? Akaendelea kuvuta. Wa kwanza akakatika kitanzi. Wa pili akakatika. Wageni wakaanza kuangalia saa, mmoja akapiga picha. Nilitaka kumfukuza kwa kweli. Nikaona anavyoilinda ile karatasi isilowe, nikamwacha.

Wakafika watano waliokatika. Alipomshika wa sita nilimsikia anajisemea, kidogo, amesema kidogo. Akamgusa tu na koleo, hata sikuona kama amefanya kitu. Akatupa.

Mama, mimi ni mtu wa majini tangu sijaota ndevu. Yule samaki alikuja. Alikuja mstari mmoja, kichwa chini kidogo, mkia unapiga, mpaka mgeni mmoja akasogeza mguu akidhani ni wa kweli. Kaka yako akamvuta hadi miguuni, akamtupa tena, akaja tena vile vile. Mara tatu. Halafu akakaa chini kabisa, kwenye mbao zilizolowa.

Nikamuuliza, ulimfanya nini? Akasema, nimemrudisha alivyokuwa. Nikamwambia sijakuelewa. Akasimama, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayeapa: Ni mimi niliyewanyoosha. Dada yangu aliwaleta wazima. Niliwaharibu mimi, nikamsingizia yeye na mtoto wake.

Hakuna aliyecheka. Yule aliyepiga picha aliificha simu.

Nilimuuliza kama amekwambia wewe hayo. Akasema atakuandikia. Nikimtazama usoni sikuona mtu atakayeandika, ndiyo maana nimeandika mimi, na dereva wa lori ataileta kesho.

Na mimi nina langu. Siku ile ya ndoo niliwaambia wageni, hii ndiyo kazi ya mwanamke aliyejifungua juzi. Nalirudisha neno hilo. Mke wangu alipolisikia alinipa mgongo, yeye na nyumba nzima.

Yule wa sita nimembakiza. Wale wengine nataka wote wakiwa wamepinda kadiri unavyoona wewe. Wakiwa na sura ya ajabu, mimi nitajua la kuwaambia wageni.

Nahodha


Jumatatu, tarehe 31 Machi

Kaka,

Boksi limefika. Barua yako ya mistari sita imefika. Imefika pia barua ya Nahodha, kurasa tatu, amebana herufi kama wageni botini. Ameniandikia yote, hadi viatu vyako.

Sasa naomba unieleze. Uliweza kusema mbele ya mtu mwenye simu ya kupiga picha. Uliweza kusema mbele ya watu waliokuita mng'oa meno. Mimi, niliyekushonea vifungo vya shati ukienda kuoa, umeniandikia kwamba watano wamekatika na mmoja hayumo. Kama orodha ya duka.

Nililia, sitakuficha. Nililia kwa yule wa sita, kwa sababu najua kiganja kinavyohisi mshipi ukitulia kwa mara ya kwanza, na wewe umeishi miaka arobaini hujawahi kulihisi hilo hadi Jumatano. Na nilipomaliza kulia hasira ilikuwa bado ipo, imekaa pale pale. Nakuambia usije ukadhani barua hii ni msamaha. Mama mwenye duka la sabuni alikuwa bado ananionea huruma. Nani angekwenda dukani kwake kumweleza? Nimemweleza mwenyewe leo asubuhi, kwa sauti, Bonge akiwa begani, na waliokuwepo wamesikia. Akaniuliza, kwa hiyo ni kaka yako? Nikasema ndiyo, ni kaka yangu, wa damu, na ameshasema mwenyewe mbele ya watu. Nilitaka kuishia kwenye ndiyo. Hayo mengine yalitoka yenyewe, sikuyapanga.

Watano waliokatika hawatapona. Waya unapita mwili mzima, kuutoa ni kuwapasua. Wawili nimewapasua nione mti ulivyo ndani, na nimejifunza kitu, kwa hiyo si hasara yote. Wengine thelathini na mmoja nimeshaanza, pamoja na wale watatu wa soksini. Tisa wako tayari. Kuanzia sasa boksi litakuwa na karatasi juu, nimeiandika kwa wino mwekundu: KITANZI KISIGUSWE. Wifi aibandike kwa gundi yake, na akishabandika usiibandue kwa sababu haipendezi.

Nataka mambo mawili. La kwanza, uniandikie kwa mkono wako kwamba tangi ni langu, utie saini, na wifi atie saini kama shahidi. Si kwamba nakushuku. Nakushuku kidogo.

La pili, uje. Lori lina nafasi mbele Ijumaa, nimemuuliza dereva, amesema ukileta mkeo atawabana wote wawili. Yale uliyomwambia Nahodha utaniambia mimi, kwa mdomo, hapa, nikikutazama. Sitakurahisishia. Huenda nikapaza sauti, na majirani watasikia, wacha wasikie.

Nikishamaliza kupaza sauti, tutakula. Halafu kama bado hujaondoka, nitakuachia samaki mmoja umvute. Mmoja tu. Na koleo utatumia langu, lile lako uliache mjini.

Mdogo wako,
mwenye tangi